Rangi ya Kucha Kwenye Mlango wa Gari

Eda ya mume wangu niliikaa nyumbani kwetu Kibiti, miezi minne na siku kumi kama dini inavyotaka, na muda huo gari langu lilikuwa likitoka getini bila mimi. Naanza na hilo kwa sababu wapo waliolisimulia kwa namna yao. Wengine walisema mjane wa juzi tu kashanunua rangi ya kucha. Ni kweli niliinunua. Niliinunulia gari.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Baba alisema mtoto wa kike akijua kuandika jina lake inatosha, na jina langu naliandika vizuri. Nilianza kwa kukaanga vitumbua Nyamisati, nikiwauzia watu wanaosubiri boti. Baadaye nikaingia kwenye kamba wabichi, halafu mpunga. Mpunga wa delta ndio ulionitoa. Msimu wa mavuno nilikuwa nashuka Mbuchi, nanunua kwa wakulima huko huko mashambani, nakuja kukoboa Kibiti, mchele unakwenda Dar. Hakuna mwanamume aliyenipa mtaji, na nasema hivyo bila kumdharau mume wangu. Alikuwa mtu mwema, mkulima wa mihogo na korosho, asiye na haraka na dunia. Mtoto hatukujaaliwa. Nilipopata gari nilikuwa nimeshaota mvi, na udereva nikajifunza na mvi zangu hizo hizo, mwalimu wangu akifumba macho kila tukikutana na lori.

Gari lenyewe ni refu la nyuma, la kubebea watu na mizigo, rangi yake damu ya mzee. Mume wangu hakuwahi kuliendesha. Alikuwa anakaa mbele upande wa kushoto, kofia kichwani, kioo ameshusha, na watu wakimpungia mkono. "Mzee, gari zuri hilo." Naye anajibu, "Alhamdulillahi." Mimi nashika usukani nanyamaza. Kwetu mwanamke hasemi "gari langu" huku mumewe amekaa pembeni yake. Nikiulizwa dukani nasema gari la mzee. Wakija kuliazima kwa mgonjwa au maiti nasema gari la mzee lipo, chukueni. Nililisema neno hilo miaka yote ya gari, na sikuona linanipunguzia kitu.

Wiki ya msiba, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaniomba ufunguo awapeleke wageni stendi. Nikampa. Ufunguo haukurudi. Gari lilikuwa likilala uani kwangu, chini ya mkorosho, kwa kuwa kwake hakuna ua wa kulificha, lakini kulipokucha anakuja kulichukua anakwenda nalo anakojua. Harusi Nyamwage, yeye. Mkaa wa mtu, yeye. Mbuzi wa aqiqa, yeye. Sikuweza kumzuia. Yeye ndiye aliyekuwa akituletea samaki, unga na chumvi, maana mimi sitoki. Halafu mjane akigombana na ndugu wa mume kabla hata kaburi halijakaa sawa, Kibiti nzima inapata la kuongea.

Watu husema mjane anapumzika. Aliyesema hivyo hajakaa. Mimi ni mtu wa kuamka alfajiri na kwenda. Tangu nipate akili sikuwahi kuwa ndani mpaka adhuhuri ila ninapoumwa. Sasa nikawa nalijua kila bati la ua wetu, lipi lina kutu chini, lipi lina tundu la msumari na ukichungulia unaona nini. Unaona mguu wa mtu na mchanga. Pikipiki ikipita naijua kwa mlio inaelekea sokoni au barabarani. Nilivaa kaniki, nikaacha mafuta ya kunukia, nikaacha wanja. Hakuna aliyenilazimisha. Mume wangu nilimpenda na eda niliipokea kwa moyo mmoja. Lakini mchana ulikuwa mrefu, na bati lilikuwa pale pale.

Aliyekaa na mimi ni wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyetoka Utete na begi moja na tasbihi. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mguu mmoja mbovu, hacheki ila akimtania mtu. Alikuja kunisaidia kupika, na alikuja pia kunilinda eda isiharibike. Hiyo kazi ya pili aliipenda zaidi.

Mkwaruzo wa kwanza niliuona asubuhi moja nikiwamwagia kuku maji. Mstari mweupe kwenye mlango wa mbele, urefu wa mkono. Nikapitisha ukucha juu yake. Hilo nilijifunza kwa fundi wa rangi wa Ikwiriri, niliyewahi kumsimamia siku nzima akininyooshea bampa, kwa kuwa mimi fundi simwachii gari nikaondoka. Ukucha ukipita bila kukwama, mkwaruzo uko kwenye mng'ao wa juu tu. Ukikwama, umefika kwenye rangi. Ukiona bati lenyewe, fanya haraka, maana kutu haingoji na hewa yetu hii ya chumvi.

Ukucha ulipita. Nikaosha mlango kwa maji ya sabuni, nikaukausha, nikachukua dawa ya meno nyeupe, ile isiyo na mistari ya rangi, nikaitia kwenye kipande cha fulana kuukuu na kusugua kwa miduara midogo midogo bila kukandamiza. Mstari ukafifia, ukaisha. Nilisimama nikautazama ule mlango, nikajisikia kama mtu aliyefika mahali.

Wifi akatoka jikoni. "Unanukia nini?"

"Dawa ya meno."

"Si ulishapiga mswaki alfajiri?"

"Nalipigisha gari."

Hakucheka. "Mjane hajitii harufu."

"Harufu iko mlangoni, wifi. Njoo uninuse mimi."

Akaja akaninusa kweli, shingoni, kifuani, mikononi, kama mtu anayenunua samaki na hamwamini muuzaji. "Mikono inanukia," akasema. "Kaoshe."

Nikaosha.

Baada ya hapo ikawa gari likirudi, mimi nalizunguka. Lilikuwa halirudi salama. Njia za kuingilia Mbuchi unazijua kama umepita: matawi yako pande zote mbili, matete yanapiga vioo, na ukikutana na pikipiki yenye magunia mmoja wenu lazima aingie porini. Mimi nilikuwa nakunja vioo vya pembeni, naenda kama namsindikiza bibi harusi. Shemeji alikuwa anapita kama anafukuzwa. Mara akafunga mabati juu kwa kamba bila kuweka gunia chini yake. Nilisugua hiki, kesho kikaja kingine. Dawa ya meno nyumbani ikawa inaisha haraka kuliko sukari.

Siku moja alipokuja kula nikamwambia. Yeye alikuwa kwenye mkeka wa barazani, mimi ndani ya mlango, wifi katikati yetu na sinia.

"Shemeji, gari linachubuka."

"Gari chuma, shemeji. Linasikia nini?"

"Nasikia mimi."

"Hivi wewe unamlilia kaka au unalilia gari?"

Wifi akaguna. Shemeji akaona amepata mwanya. "Na kwanza gari lenyewe si la kaka? Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukisema, gari la mzee, gari la mzee. Sisi tumesikia, Kibiti imesikia. Ukitoka eda tutakaa tugawane pamoja na mengine." Akamega tonge lake. "Au nikurithi wewe na gari pamoja, tuondoe usumbufu?"

"Mimi utaniweza? Gari tu unalirudisha na mafuta ya kujaza kibatari."

Hapo wifi akacheka, na yeye akacheka, maana mashemeji hutaniana na mtu hawezi kununa. Lakini nilielewa kuwa lile la kugawana halikuwa utani. Mwanamke asiye na mtoto, mumewe akifa, ndugu wa mume ndio wanaochukua fungu kubwa. Kama gari ni la marehemu, mimi ningebaki na tairi moja na usukani. Na gari lile ndilo miguu yangu. Bila gari sifiki Mbuchi, na bila Mbuchi mimi ni kikongwe wa kuletewa unga na watu.

Nilifikiri nifanye nini. Kwa mjumbe siwezi kwenda. Kwa shehe siwezi kwenda. Kumwita mtu aje kusikiliza ugomvi wa mali katika nyumba ya eda ningeonekana sina haya. Nilichobakiwa nacho ni hiki: gari likilala uani kwangu, liko chini ya mikono yangu. Basi nikasema sitaliacha lichakae. Siku watakapokaa kugawana watalikuta zima kama nilivyolileta, na wataniambia nani aliyelitunza.

Ule mkwaruzo mkubwa ulikuja wiki iliyofuata. Mlango wa nyuma kushoto, kuanzia chini ya kitasa kushuka, na mwingine mdogo mbele juu ya tairi. Sijui aligusa nini na hakusema. Nilipitisha ukucha ukakwama, na chini yake nikaona ile rangi ya kijivu mafundi wanayoanzia. Dawa ya meno haifanyi kitu hapo, utasugua mpaka Idi. Panatakiwa rangi. Nikamwomba shemeji anipitie kwa fundi Ikwiriri. Akasema fundi hauzi rangi kwa kijiko. Hakwenda hata kumuuliza.

Kuna mama anayetembeza vipodozi mtaani kwetu, beseni kichwani. Nilimsikia anapita asubuhi moja, wifi yuko ndani na tasbihi yake. Nikamwita, nikasimama nyuma ya geti, tukasemezana kupitia uwazi. Alitua beseni mchangani, na mle ndani nikaona vichupa vya rangi ya kucha vimepangwa kama risasi. Kimoja kilikuwa damu ya mzee. Nikatoa mkono, nikakichukua, nikampa hela yake. Majirani wawili walikuwa wanapita na ndoo za maji, wakaona mkono wa mjane unapokea rangi ya kucha. Sikuwajali. Ningewaeleza nini, na mimi niko nyuma ya bati?

Nikaenda kwenye gari. Rangi ndani ya chupa ina uongo wake, lazima uione imekauka. Nikajipaka ukucha wa dole gumba la kushoto, nikapuliza, nikauweka kando ya mlango. Ilikuwa ile ile kabisa.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka mtu asiye na pa kwenda. Niliosha, nikapangusa kwa spiriti tuliyokuwa nayo kwa ajili ya kidonda cha marehemu, nikatafuna ncha ya njiti ya kiberiti mpaka ikawa kama brashi. Halafu tabaka jembamba ndani ya mkwaruzo tu, bila kumwagika pembeni. Unaacha ikauke. Unaweka jingine. Ukipaka nene kwa pupa inakunja uso kama maziwa yaliyopoa. Unaendelea hivyo mpaka rangi inyanyuke kidogo juu ya mlango, ndipo unachukua msasa laini wa maji, unauzungushia kipande cha kandambili ili ukae sawa, unasugua na maji mpaka mkono usitambue mpaka uko wapi. Mwisho dawa ya meno, mng'ao unarudi. Mlango wa nyuma niliumaliza kabla ya adhuhuri, maana siku hiyo gari halikutoka. Ule wa mbele niliujaza rangi, nikauacha ukauke vizuri kabla ya msasa.

Ukucha nikausahau.

Adhuhuri tukawa tunatawadha, wifi ananimiminia maji kwa kata. Kata ikasimama hewani.

"Hii nini?"

"Rangi ya gari."

"Gari lina kucha?"

"Nilikuwa nalinganisha."

"Unalinganisha na nini, na mwanamume gani?" Akanishika lile dole akalinyanyua kwenye mwanga. "Kaka yangu hata udongo haujakauka. Na maji ya udhu yanapita wapi hapa? Unasali sala gani na ukucha umeufunika?"

La udhu alikuwa na haki. Nilipaka baada ya sala ya alfajiri, lakini hiyo adhuhuri ingeharibika. Nikachukua wembe nikaukwangua mpaka ukucha ukauma. La mwanamume sikumjibu. Mtu akishaingiwa na hilo, kila unachosema kinazidi kulifanya kweli. Nilisikia usiku akiongea na simu kwa sauti ya chini, na nikajua anaongea na nani.

Kesho yake baada ya alasiri gari likaingia. Shemeji alikuwa amekuja na mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu, mtu wa makamo, mpole, niliyemjua siku nyingi. Wakakaa barazani. Mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia, wifi pembeni yangu, magoti yetu yanagusana.

Shemeji hakuzunguka. "Mwalimu, mjane wa kaka yangu amekutwa na rangi ya kucha mwilini. Majirani wamemwona akiinunua, dada yangu ameiona kwa macho. Sisi ndugu tunaona hivi: kama eda ya kaka yetu imemshinda, basi na vitu vya kaka yetu visikae naye. Gari leo naondoka nalo moja kwa moja. Halilali tena hapa."

Pazia lile ni kitenge chembamba tu, lakini siku ile lilikuwa zito kuliko bati la ua. Wao wako nje, gari liko nje, maneno yote yako nje.

Mwalimu akasema, "Mama, tunakusikiliza. Ni kweli ulipaka?"

"Ukucha mmoja, mwalimu. Wa dole gumba. Nilikuwa nalinganisha na mlango."

"Mlango gani?"

"Wa gari. Rangi ile nimezibia mikwaruzo. Nenda ukaone, wa nyuma kushoto, chini ya kitasa."

Nikasikia ndara zake zinakwenda mchangani. Ndara zikarudi.

"Sioni kitu, mama."

"Angalia chini ya kitasa, kushuka."

Akaenda tena, nikasikia anapapasa. "Mlango mzima," akasema. "Hauna kitu."

Shemeji akacheka kwa pua. Na mimi nilikaa pale nikaona kazi yangu mwenyewe imenifunga. Laiti ningekuwa fundi mbaya. Nilijivunia ule mlango, hata asubuhi hiyo nilikuwa nimeupapasa nikafurahi, na sasa hapakuwa na mtu wa kuamini kwamba ulikuwa na jeraha. Wifi alinitazama.

Ndipo nikaukumbuka wa mbele.

"Mwalimu, samahani, rudi mara moja. Mbele, juu ya tairi, upande huo huo. Hapo sijapiga msasa. Pitisha ukucha."

Ndara zikaenda. Safari hii zilikawia. "Upo uvimbe hapa," akasema kwa mbali. "Mwekundu. Mrefu kama kidole."

"Kichupa kiko dirishani. Kilinganishe."

Akaja akakichukua, akakipeleka. Aliporudi alikuwa anajizuia kucheka, nilimsikia. "Shemeji mtu," akamwambia, "mjane haruhusiwi kujipamba. Gari halijafiwa. Na hilo dole gumba amelikosea kwa kutojua, ameshalikwangua, limekwisha. Mama, siku nyingine jaribu kwenye kipande cha bati."

"Nimesikia, mwalimu."

"Haya, ya kucha yamekwisha," shemeji akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka lakini haikuwa imekata tamaa. "Ya gari je? Gari la marehemu na tunaondoka nalo, na wewe mwalimu ni shahidi. Si uliliazima hapa?"

"Niliazima," mwalimu akasema polepole. "Tulipokwenda kumzika jirani. Na ni kweli, mama aliniambia gari la mzee lipo, chukueni. Nililisikia mimi."

"Ulisikia sawa," nikasema. "Na mzee alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa. Ulitaka nimvue nguo mbele yako?"

Kuku walikuwa wanaparua chini ya mkorosho. Halafu wifi akasafisha koo, na nikajua sasa naondolewa gari, maana yeye ndiye mkubwa wao na neno lake ndilo la mwisho.

"Siku gari hili linaingia hapa, kaka alinipigia simu Utete," akasema. "Aliniambia, dada, mke wangu kanunua gari, na mimi sijui nikae wapi. Nikikaa nyuma wataniona mzigo, nikikaa mbele wataona langu. Nikamwambia kaa mbele. Usimwaibishe mkeo, watu watasema ana mume wa kukaa na magunia."

"Dada," shemeji akasema, "hilo hukuwahi kulisema."

"Hukuniuliza. Uliniuliza kama anapaka kucha, nikakwambia anapaka. Gari hukuniuliza."

Mwalimu akasema ufunguo urudi kwa mwenyewe. Shemeji akauweka mkekani. Hakuutupa, aliuweka. Wakaondoka kwa miguu, wawili, na nikasikia geti.

Nilidhani nitafurahi, na siku ile nilifurahi. Ila shemeji hakuja tena. Hakuleta samaki wala unga. Wifi na mguu wake mbovu akawa ndiye wa kwenda sokoni, anarudi amechoka anakaa kwenye kizingiti. Mimi kila asubuhi naliwasha gari betri isife, nalisogeza mbele kidogo, nalirudisha nyuma kidogo, na yeye amesimama getini kama askari wa kizuizi.

"Tairi zisivuke."

"Hazivuki, wifi."

Nimekaa nyuma ya usukani wangu, ufunguo wangu mkononi, kioo cha mbele kimejaa bati.

Kisha simu zikaanza kutoka Mbuchi. Mpunga umeiva, mama. Wanunuzi wengine wameshafika, mama, wewe unakuja lini? Wakulima wale nimenunua kwao tangu wengine wakiwa migongoni mwa mama zao, lakini mtu mwenye njaa ya ada na deni la mbolea hamngoji mjane amalize eda. Msimu ungepita nikiwa ndani. Na ukipita, wateja wa Dar wanahamia kwa mwingine, na hao kuwarudisha ni kuanza upya, na mimi kuanza upya nilishaanza mara moja, inatosha.

Nikahesabu watu wanaojua kuendesha na ninaoweza kuwapa mzigo wa hela. Kila nikihesabu nilifika kwa mtu yule yule. Alikuwa mwizi wa gari lakini si mwizi wa hela, hilo lazima niliseme. Alipokuwa akitununulia vitu, chenji ilirudi kamili.

"Mpigie," wifi akasema, bila mimi kumwambia ninachofikiri.

"Nimpigie yeye?"

"Una dereva mwingine?"

Alikuja jioni akasimama nje ya geti. Zamani alikuwa anasukuma na kuingia. Sasa alipiga hodi, akangoja aambiwe karibu, akakaa ukingoni mwa baraza. Mimi nyuma ya pazia. Hakuna aliyetania.

Nikamwambia ninachotaka. Aende Mbuchi na gari, anunue kwa wale nitakaomtajia, nitamlipa kama dereva anavyolipwa. Akunje vioo vya pembeni, magunia yatandikwe chini ya kamba, pikipiki ikija asimame. "Na kila mkwaruzo mpya utausugua wewe mwenyewe, hapa uani, mimi nikikutazama. Nitakufundisha."

Nilimsikia anavunja vunja kijiti. Nilijua anapima: akikubali, amekubali mbele ya dada yake. Na mimi nilikuwa napima langu: akikataa, sina pa kwenda.

"Gari lako," akasema mwishowe, na alilisema kama mtu anayetema mwiba wa samaki, "nilijaze mafuta hapa Kibiti au Ikwiriri?"

"Hapa Kibiti."

Nikampa wifi ufunguo, wifi akampa yeye. Alfajiri ya kesho yake akaja, akaliwasha, akaliacha lipate moto kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Wifi akafungua geti, gari likapita, akalifunga. Mimi nilisimama kwenye bati, mkono juu yake, nikisikiliza. Alipunguza mwendo kwenye shimo la kona. Akangoja barabarani malori yapite. Halafu akapanda lami akaelekea kusini, na baada ya hapo sikuweza tena kulitofautisha na magari ya watu.